Usingizi wa Bhoke

Dawati lilivunjika saa nne kasorobo asubuhi, kipindi cha hesabu, na Bhoke hakuamka. Wenzake wawili aliokuwa amekaa nao walirukia pembeni, ubao wa kukalia ukatua sakafuni na yeye akatua nao, kidevu kimezama kifuani, mdomo wazi. Darasa la pili lote lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia dirishani. Bhoke alipofumbua macho alimwona Mwalimu Asteria ameinama juu yake na chaki mkononi. Akasema, "Shikamoo mwalimu," kana kwamba wamepishana njiani. Watoto wakacheka upya.

Mama yake alipigiwa simu akiwa jikoni. Paskazia alikuwa na kibanda cha chakula Bugarama, jirani na uwanja ambako madereva wa malori huegesha. Asubuhi aliuza supu na chapati, mchana wali na ugali. Simu ya mwalimu ilikuwa fupi: aje shuleni, aje leo, na asitume mtu. Alimwachia Wema, msichana aliyekuwa akimsaidia kupika, masufuria yote matatu, akajifuta mikono kwenye kanga na kuondoka.

Mwalimu Asteria alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimpokea kwenye kibaraza cha ofisi, akamsogezea kiti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Bhoke. Kaa. Mkuu anataka dawati litengenezwe, na anataka mlitengeneze nyie."

"Nitamleta fundi kesho."

"Sawa. Ila sikukuitia dawati." Alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Mtoto analala. Analala hata kabla sijamaliza kuita majina. Mimi nilidhani mnamkesheza na kazi pale kibandani."

"Hafanyi kazi yoyote, mwalimu. Saa mbili usiku yuko kitandani."

"Basi hicho anacholala siyo usingizi. Leo kabla dawati halijavunjika nilisimama pembeni yake, nikisubiri kuona kama ataamka mwenyewe. Anakoroma, halafu anaacha kupumua. Nimehesabu mpaka kumi na mbili. Halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Wewe hujawahi kuona?"

Paskazia alikuwa ameona. Huu ulikuwa mwaka wa pili akilala na kiganja mgongoni mwa binti yake, akingoja mgongo uinuke. Usipoinuka alimtikisa. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ukishasema jambo kama hilo utaulizwa lilianza lini, naye hakutaka kuulizwa.

"Nimeona, mwalimu," alisema.

"Mpeleke hospitali."

Bhoke alikuwa amesimama chini ya ngazi, sweta amelifunga kiunoni kuficha sketi iliyofumuka ubavuni. Sketi hiyo ilikuwa na miezi minne. Fundi cherehani alipoishona alipima mara mbili, akauliza kwa nia njema kabisa kama ni ya mama au ya mtoto. Walipokatiza uwanja wa mpira, watoto wa madarasa ya chini wakaanza kutoa mlio: pii, pii, pii, ule mlio wa magari makubwa ya mgodini yanaporudi nyuma. Mmoja akapaza sauti, "Pisheni, dampa linatoka." Bhoke alitembea akitazama visigino vya mama yake. Walipofika barabarani akauliza kama chapati zimebaki.

Zilikuwa zimebaki. Alipewa mbili.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja, na kila mpangaji wa ua ule aliijua: mchana Baba Bhoke amelala. Marwa alikuwa dereva wa dampa kwa mkandarasi mmoja aliyefanya kazi mgodini, na kwa miaka minane alikuwa shifti ya usiku. Alirudi saa moja asubuhi, akaoga, akanywa uji, akalala hadi saa kumi. Dirishani palitundikwa blanketi zito. Milango ilifungwa kwa kushikwa kitasa. Paskazia alijifunza kuosha vyombo bila kijiko kugonga sufuria, na Bhoke alijifunza kunyata kabla ya kujifunza kwamba mtoto anaweza kukimbia ndani ya nyumba.

Marwa alipoamka siku hiyo, Paskazia alimweleza habari za dawati na maneno ya mwalimu. Marwa alisikiliza huku akifunga kamba za buti.

"Hilo dawati la mbao gani?" aliuliza. "Shule inanunua mbao laini halafu wanamsingizia mtoto."

"Mwalimu anasema anaacha kupumua."

"Anakoroma. Hata baba yangu alikoroma na amefikisha miaka themanini." Alimtazama Bhoke aliyekuwa mlangoni, uso wake mkali ukalainika. "Mama Bhoke, kwetu Tarime mtoto mwenye afya kama huyu watu wanakuja kumtazama. Mimi nilikulia ugali na chumvi. Mbavu zangu ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Mwanangu akinenepa, najua sifanyi kazi bure."

"Nataka nimpeleke Kahama."

"Mpeleke. Bima ipo." Akasimama, akampapasa Bhoke kichwani, akaenda kulisubiri basi la wafanyakazi.

*

Kahama walifika mapema, ila foleni ya watoto ilikuwa imeshajaa. Mizani iliwekwa ukumbini, mbele ya mabenchi, na muuguzi aliyekuwa akipima alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kelele.

"Hamsini na mbili," alisema, akiandika bila kuinua macho. "Umri?"

"Saba."

"Siyo wa mdogo wake. Wa huyu."

"Ni huyu, sista. Ana miaka saba."

Muuguzi akainua macho. Akamwambia Bhoke ashuke apande tena, akasoma namba ile ile kwa sauti ile ile, na benchi zima likageuka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwembamba mapajani alimwambia jirani yake, "Wenzetu wanakula," wala hakujali kusikiwa.

Daktari aliitwa Onesmo, kijana mpole mwenye miwani. Alimwambia Bhoke afumbue mdomo, akammulika kooni muda mrefu. Akamsikiliza kifua, akamuuliza anapenda somo gani. Bhoke akajibu anapenda kuchora. Kisha daktari akamwomba muuguzi amtoe nje mtoto, akafunga mlango.

"Mafindofindo yake yamevimba mpaka yanakaribia kugusana," alisema. "Nadhani na vile vinyama vya nyuma ya pua ni vikubwa. Akilala, koo linajifunga. Na uzito unazidi kulibana. Tangu lini halali vizuri?"

"Miaka miwili hivi."

"Na alipokuwa mchanga?"

Swali alilolikimbia ndilo hilo. Paskazia alitazama mikono yake.

"Hakuwa analala kabisa," alisema. "Kuanzia mwezi wa kwanza. Anasinzia robo saa, analia. Mchana na usiku. Watu walisema amerogwa, wengine walisema maziwa yangu mepesi."

"Akilia, ulifanya nini?"

"Nilimpa chakula."

"Kila akilia?"

"Kila akilia, daktari." Kisha maneno yakatoka kwa mfululizo, kama aliyekuwa ameyapanga miaka mingi. "Tulikuwa na chumba kimoja. Baba yake anaendesha gari kubwa usiku. Bhoke alipokuwa na miezi miwili, baba yake alisinzia kazini, wakamwondoa kwenye gari, wakampa barua ya onyo. Alirudi nayo, akaiweka mezani, akaniambia, 'Nikipata nyingine tunarudi kijijini.' Hakunipiga, hakunitukana. Ila kuanzia siku hiyo sikuruhusu mtoto alie pumzi mbili. Kwanza ziwa. Baadaye chupa ya uji wa lishe, nikaongeza sukari na mafuta ili akae nao tumboni. Nyumbani kwetu Mhunze mama alinikataza, akasema bado mdogo. Mama hakuwa na mwanaume anayelala mchana."

"Mbali na chakula?"

"Kuna dawa ya maji ya mafua. Dada mmoja wa duka la dawa aliniambia inawapa watoto usingizi. Nilimpa hadi alipofikisha miaka miwili na nusu. Halafu nikaiacha, nikaogopa. Ikawa biskuti na juisi."

Daktari Onesmo aliandika. Kalamu yake haikufanya haraka.

"Baba yake anajua?"

"Hapana."

"Nisikilize, mama. Watoto wengi wanaolala vibaya wakiwa wachanga huja kunenepa baadaye, hata pasipo dawa wala uji. Hatujui sababu zote. Lakini mtoto anayepewa chakula kwa kila kilio hakui akijua njaa ni ipi na huzuni ni ipi. Sasa unene unamnyima usingizi, na kukosa usingizi kunamwongezea unene."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijaandika jina la mtu hapa," daktari alisema. "Nimeandika apelekwe Mwanza akatolewe hayo mafindofindo."

Alipiga simu Mwanza mwenyewe. Nafasi iliyopatikana ilikuwa tarehe kumi na nne ya mwezi uliofuata, kama mwezi mmoja mbele. Mpaka hapo mtoto alale ubavu, asipewe dawa yoyote ya kumlaza, na asiachwe kulala peke yake. Soda, juisi na vitafunwa vya katikati viishe, ila asinyimwe chakula. Ale wanachokula wengine, wakati wanaokula wengine. "Na akishapona," aliongeza walipoagana, "hapo ndipo muwe makini. Wengi wakianza kupumua vizuri huongezeka zaidi."

*

Marwa hakuwa na mazoea ya kusoma karatasi za hospitali. Ile aliisoma kwa sababu ilikuwa na muhuri. Alisimama nayo karibu na mlango penye mwanga, akaipitia polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka kikasimama.

"Hii nini? Hapa wameandika dawa ya mafua, kwa ajili ya usingizi, miaka miwili. Nani alimpa?"

"Mimi."

"Mwanangu ulimpa dawa alale."

"Ndiyo, Baba Bhoke."

Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Hakuinua sauti. Paskazia angependa aiinue.

"Jumamosi nampeleka Tarime kwa mama," alisema. "Atachunga ndama, atatembea, atakula ugali wa mtama na mboga za majani. Mwezi mmoja tu utaniambia kama huyo anahitaji kisu."

"Daktari amesema asilale peke yake. Kule nani atamwangalia usiku? Mama yako hasikii vizuri."

"Wewe ulimwangalia, na ona ulichofanya."

Kesho yake, kabla ya kulala, Marwa alipita kibandani. Alimwambia Wema, mbele ya wateja, kwamba Bhoke asipewe chochote mpaka chakula cha jioni, na atakayempa atajibizana naye. Wema aliitikia kwa kichwa. Bhoke alikuwa akisikia. Siku hiyo shule ilifungwa mapema, na saa nane mchana, wakati wa msongamano, Paskazia alisikia kicheko nyuma ya kibanda, akatoka.

Bhoke alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la vyombo vichafu. Alikuwa akikusanya vipande vya chapati na mabaki ya wali kwenye sahani za wateja, anakula haraka, bila kutafuna vizuri, macho yake chini. Madereva wawili walikuwa wamesimama wakimtazama. Mmoja alikuwa ameinua simu.

"Mwache," yule mwingine alisema, "dampa linajaza mafuta."

"Shusha simu yako, kaka yangu," Paskazia alisema. Mwanaume yule akaishusha. Paskazia alimwinua mtoto, akamnawisha mikono na kumfuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Kwa nini umefanya hivi, mayu?" aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyomwita binti yake wakiwa wawili.

"Baba amesema nisipewe," Bhoke alijibu. "Sijapewa. Nimechukua."

*

Jumamosi Marwa alirudi kutoka kazini saa moja kama kawaida. Begi la Bhoke lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Mpango ulikuwa alale mpaka saa nane, kisha waondoke, kwani alikuwa na siku moja ya mapumziko, Jumapili. Jumamosi jioni angebadilishana zamu na mwenzake, ingawa mwenzake huyo alikuwa hajamthibitishia.

Alioga, akanywa uji. Alipofika chumbani alikuta kitanda chake kimelaliwa. Bhoke alikuwa amejilaza chali, amevaa gauni la safari, tayari amesinzia. Pembeni ya kitanda Paskazia alikuwa ameweka kiti.

"Leo usilale wewe," alisema. "Kaa hapa umtazame yeye. Usimguse. Ukishamaliza kutazama, begi lile pale, mchukue, sitakuzuia."

"Mama Bhoke, nimetoka kazini."

"Najua ulikotoka. Miaka saba najua. Kaa."

Pengine ni ile sauti, ambayo hakuwahi kuisikia kwa mkewe. Marwa alikaa. Paskazia alitoa blanketi dirishani, na mwanga wa asubuhi ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia saa kama ile.

Mwanzoni ni kukoroma tu, kukoroma kwa mtu mzima kutoka kifua cha mtoto. Marwa alitaka kusema kitu. Kisha kukoroma kukakatika. Kifua cha Bhoke kiliendelea kuvuta, tumbo likaingia ndani, shimo la koo likadidimia, ila hewa haikupita. Hapakuwa na sauti yoyote. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Marwa alisimama, mkewe akamshika mkono. Marwa alikuwa akihesabu bila kujua anahesabu, na alipofika kumi na sita mwili wote wa mtoto ulitikisika, hewa ikaingia kwa mkwaruzo mmoja mrefu, na kukoroma kukaanza tena. Bhoke hakuamka. Baada ya dakika moja ikawa vile vile.

"Mara ngapi?" Marwa aliuliza.

"Usiku mzima."

"Mbona sijawahi..."

"Usiku uko kazini. Mchana umelala wewe." Paskazia hakuwa akimtazama. "Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wenzako kwamba mwanao halii? Walikuja hata kunipongeza. Alikuwa analia, Baba Bhoke. Alilia kuliko mtoto yeyote wa ua huu. Nilikuwa naziba. Ulikuwa ukijigeuza tu kitandani, mimi nimeshamtia chupa mdomoni. Nilimpa dawa, ni kweli, na nitaulizwa mimi. Ila wewe ndiye uliyelala."

Marwa alirudi kukaa. Alikaa pale saa tatu, saa nne, mpaka adhuhuri, viwiko juu ya magoti, akihesabu. Akifika ishirini alimgeuza mtoto ubavu, akaanza upya. Saa nane ilipita. Saa tisa alisimama, akachukua begi lile akalipandisha juu ya kabati. Mwenzake hakuwa amempigia. Saa kumi na moja alivaa buti na kwenda kulisubiri basi, akiwa hajafumba jicho tangu jana yake mchana.

*

Jumapili hakurudi saa moja. Alirudi saa nne, kwa miguu, buti kazishika mkononi.

"Nimegusa tuta la ukingo wa barabara," alimwambia mkewe. "Nilikuwa narudi na kifusi. Sikuona kitu, nilisikia tu gari limeegemea. Hakuna aliyeumia."

"Wamesemaje?"

"Wametoa ile barua ya zamani. Walikuwa wameitunza." Aliziweka buti chini kwa uangalifu, zikiwa zimelingana. "Mkataba umeisha. Bima inakwenda mpaka mwisho wa mwezi."

Paskazia alihesabu siku kichwani. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na mbili mbele. Tarehe ya Mwanza ilikuwa baada ya hapo, na bila bima hawakuwa na uwezo wa kulipia upasuaji, hata wangeuza jokofu na kibanda chenyewe.

Walikwenda Mwanza wote watatu. Karani wa dirisha la miadi alisoma karatasi yao, akaisukuma nyuma. Tarehe ni tarehe, alisema, wako watoto waliosubiri tangu mwezi wa pili. Marwa alieleza habari za bima. Karani akasema habari za bima ni dirisha lingine. Dirisha lingine wakasema mpaka daktari bingwa aandike, na daktari bingwa hapokei mtu asiye na miadi. Wakakaa kwenye benchi la ukumbi siku nzima, na kesho yake wakarudi kukaa. Kila Bhoke alipoanza kusinzia Paskazia alimfinya kidogo, maana ukumbi ulijaa watu, na akikoroma wote watageuka.

Siku ya pili, saa tano, mlango wa ndani ulifunguka, akatoka mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe, wanafunzi wanne wakimfuata. Watu kwenye mabenchi walijiweka sawa. Bhoke alikuwa anasinzia, na mkono wa Paskazia ulishaanza kwenda.

"Usimwamshe," Marwa alisema. "Mwache alale."

Kichwa cha mtoto kilianguka nyuma juu ya mkono wa baba yake. Kukoroma kukajaa ukumbi. Mtu alicheka, mwingine akasema sasa huyo naye. Kisha sauti ikakatika, na ukimya uliofuata uliwanyamazisha hata waliokuwa wakicheka. Bibi mmoja wa benchi la pili alianza kusali kwa sauti ya chini. Daktari bingwa alikuwa ameshapita. Alisimama, akageuka, akasubiri pamoja na wote mpaka hewa iliporudi. Akaja akapiga goti mbele ya benchi.

"Huyu ana tarehe gani?" aliuliza.

Walimpasua siku mbili kabla mwezi haujaisha.

*

Kitu cha kwanza kilichomtisha Paskazia baada ya kurudi nyumbani kilikuwa ukimya. Aliamka mara nyingi kuweka kiganja mgongoni, na mara zote mgongo uliinuka na kushuka, polepole, kama wa mtu yeyote. Walikuwa wamerudi kwenye chumba kimoja. Marwa alikuwa akiwachotea maji wauza chakula wa uwanjani kwa mkokoteni, na siku nyingine alishuka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kwa malipo ya siku. Alilala usiku sasa, kama watu wengine, ila kwa shida.

Shuleni Bhoke hakusinzia tena. Mwalimu Asteria alifurahi, akamhamishia mbele. Lakini usingizi ulikuwa umemkinga. Sasa alikuwa macho kutwa nzima, na alisikia kila walichomwita. Na njaa, kama daktari alivyosema, ilikuja mara mbili. Kilo zilikuwa hamsini na nne.

Alhamisi moja, wiki ya sita baada ya upasuaji, alifika kibandani kutoka shuleni saa tisa unusu, akasimama mbele ya jokofu la soda. Paskazia alimwambia asubiri ugali. Bhoke akasema anataka soda. Mama akasema hapana. Ndipo akaanza kulia, siyo kwa kwikwi za chinichini walizozoea. Alilia kwa sauti, akiwa amesimama, mikono imening'inia, mdomo wazi kabisa. Wateja wanne waliinua vichwa. Wema akaacha kukuna nazi.

Dereva mmoja alisukuma sahani yake. "Mama, mpe mtoto soda, nitalipa mimi. Anyamaze tule."

Mkono wa Paskazia ulikuwa umeshafika kwenye mlango wa jokofu. Haukuhitaji kuambiwa, uliijua njia.

"Acha," Marwa alisema. Alikuwa anashusha madumu kwenye mkokoteni. Aliweka chini dumu alilolishika, akaja akakaa kwenye benchi, karibu na mtoto bila kumgusa. "Mwache alie."

Bhoke alilia. Dereva alilipa, akaondoka akiacha nusu ya wali wake. Wawili wengine wakamfuata. Paskazia alikuja akakaa upande wa pili, mikono yake mapajani, ameifumbata. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kukaa vile huku mtoto analia, na hakujua kama alichokuwa akifanya ni malezi au ni ukatili wa aina nyingine. Dakika kumi zilipita. Kilio kilishuka, kikapanda, kikashuka. Mwishowe Bhoke akajifuta kwa kiganja, akamgeukia baba yake.

"Ni kweli walikufukuza kazi kwa sababu yangu?"

Paskazia na Marwa walitazamana. Hawakujua nani alimwambia, wala amekaa na neno hilo siku ngapi.

"Walinifukuza kwa sababu sikulala," Marwa alisema.

"Kwa nini hukulala?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Bhoke aliliwaza hilo. Akakaa kwenye benchi, katikati yao, ubao ukalia kidogo chini yake.

"Bado nina njaa," alisema.

"Najua," mama yake alisema. Akainuka kwenda kutazama maji ya ugali.